Vitabu vya chuo vya bure mpaka kwenye simu ya mwanafunzi: anzia hapa

Kila semista ikifunguliwa maswali ni yale yale. Hivi vitabu vya bure unavitoa wapi? Ni halali kweli? Mbona simu yangu haifungui? Wanauliza makoodineta wa madarasa, wanauliza malekchara wapya, na juzi mkutubi wa chuo kimoja cha unesi huku kwetu West Nile, Uganda, kanipigia usiku, mama wa watu ana wanafunzi wengi na nakala mbili tu za kitabu cha anatomia, na moja haina kurasa za moyo kwa sababu kuna mtu alizichana akaenda nazo. Tumeongea hadi salio likaisha. Basi naandika yote hapa taratibu, ili popote ulipo, Arua, Gulu, Mbarara, Kasese au Kampala, uweze kufanya mwenyewe bila kusubiri mtu.

Kabla ya yote nikwambie kosa langu la kwanza, maana karibu kila anayeanza analirudia. Nilishusha vitabu karibu mia mbili, nikajaza flashi, nikaizungusha darasani, kila mtu akakopi, watu wakafurahi sana. Baada ya mwezi nikauliza nani amesoma nini, kimya. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akanionyesha simu yake, kioo kimepasuka pembeni, nafasi imejaa, anagusa kitabu cha biolojia, kile kiduara kinazunguka weee halafu programu inajifunga. Akaniambia alifuta picha za mama yake ili kitabu kiingie. Siku ile sikulala vizuri. Toka hapo nimebadilisha njia kabisa, sigawi maktaba, nagawa sura. Sura ya wiki hii, ya somo hili, ndogo kiasi cha kufunguka kwenye simu ya bei ya chini, na lekchara awe ameitaja mbele ya darasa. Hatua zote utakazosoma hapa chini zinaelekea hapo.

Kitabu huria ni kipi

Bure na huria ni vitu viwili tofauti. Ile PDF inayozunguka kwenye magrupu ya Telegram, kitabu cha dola mia kimeskaniwa kurasa zimepinda, haikugharimu kitu lakini si halali, Uganda tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 2006 na siku ikija kesi jina litakalotajwa ni la chuo chako. Kitabu huria mwenyewe aliyekiandika ameweka ndani ruhusa ya kukopi, kugawa na kuprinti. Ruhusa hiyo mara nyingi ni leseni ya Creative Commons, leseni zilizotoka mara ya kwanza 2002, na unaitambua kwa herufi. BY maana yake mtaje mwandishi. SA maana yake ukibadilisha kitu, ugawe kwa leseni ile ile. NC ni usifanye biashara nacho. ND ni usikibadilishe, kigawe kama kilivyo. Ukizijua hizo nne umejua nadharia yote unayohitaji, tuendelee na kazi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Autilaini ya kozi, ile karatasi ya lekchara yenye mada za kila wiki. Bila hii usianze kabisa.
- Lekchara mmoja aliyekubali. Mmoja tu, usikimbilie kitivo kizima.
- Laptopu yoyote inayowaka, hata ya zamani.
- Flashi mbili, moja ya kutembea mikononi mwa watu na moja ya akiba ambayo haichomekwi kwenye kompyuta ya mtu mwingine hata akulilie.
- Kebo ndogo ya OTG ya kuunganisha flashi na simu. Chukua ya tundu la zamani na ya tundu jipya la USB-C, zote mbili.
- Mahali pa kushushia mafaili bila kumaliza bando lako.
- Programu za bure: PDFsam Basic ya kukata PDF, Ghostscript ya kupunguza uzito, na Kiwix nitakayoieleza mbele.
- Simu mbovu. Sitanii, tafuta simu ya zamani yenye nafasi ndogo, hiyo ndiyo itakuwa mwalimu wako wa majaribio.

Hatua 1. Kaa na autilaini kwanza, intaneti baadaye

Chagua somo moja. Zuri la kuanzia ni lile la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi wengi na mada zisizobadilika nchi kwa nchi: anatomia, kemia ya jumla, takwimu, kalkulasi, fizikia, maikrobayolojia. Moyo wa mtu wa Arua na wa mtu wa Texas unapiga namna moja, kwa hiyo kitabu cha kule kitakufaa hapa.

Chukua daftari, chora mistari, upande wa kushoto andika wiki ya 1 mpaka ya mwisho wa kufundisha, mbele yake mada kama lekchara alivyoiandika. Upande wa kulia acha wazi, hapo ndipo sura zitakapoingia. Ukikamilisha hilo jedwali utajua unatafuta nini, na hutashusha vitu kwa tamaa.

Hatua 2. Tafuta kitabu kinachofanana na somo

Anzia OpenStax. Ni mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Houston, ulianza kutoa vitabu 2012, na vitabu vyake vinapitiwa na wahadhiri kabla ya kutoka, vina maswali mwisho wa sura na vina michoro mizuri. Kuna Anatomy and Physiology, Biology, Chemistry, Microbiology, Introductory Statistics, Calculus juzuu tatu, University Physics juzuu tatu, Principles of Economics, na 2024 wakaongeza mfululizo mzima wa unesi.

Ukikosa hapo nenda LibreTexts, iliyoanzia Chuo Kikuu cha California kule Davis, ni kubwa sana hasa upande wa kemia. Halafu kuna Open Textbook Library ya Chuo Kikuu cha Minnesota, hiyo ni kama katalogi, inakuelekeza kitabu kilipo. Kwa wanafunzi waliofika chuo na hisabati dhaifu, vitabu vya sekondari vya Siyavula vya Afrika Kusini vinasaidia mno na usione aibu kuwapa, mtu hawezi kupanda kalkulasi kama aljebra inamtoka. Wanaosomea ualimu waangalie TESSA, mradi wa Open University ya Uingereza na vyuo vya Afrika, una hata vifaa vya Kiswahili.

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana ndipo watu wanapoumia. Si kila kitabu kizuri kinafaa Uganda.

Sheria: usichukue kabisa kitabu cha sheria ya biashara cha Marekani ukampa mwanafunzi wetu, atajibu mtihani kwa mahakama ambazo hazipo. Nenda ULII, saiti ya taarifa za sheria ya hapa kwetu, huko sheria za Uganda na hukumu za mahakama zetu zimewekwa bure.

Uhasibu: Principles of Accounting ya OpenStax imejengwa juu ya kanuni za Marekani, inagusia IFRS, zile kanuni za kimataifa za uhasibu, kwenye visanduku tu, na sisi huku tunatumia IFRS. Misingi ya debiti na krediti chukua, mambo ya juu zaidi muulize lekchara kwanza.

Unesi na utabibu: mwili ni mwili, lakini dozi na utaratibu wa matibabu usitoe kwenye kitabu cha Marekani. Wizara ya Afya ina mwongozo wake, Uganda Clinical Guidelines, toleo la 2023 ni PDF ya bure, weka hiyo kwenye folda moja na anatomia na uandike juu kwa herufi kubwa kwamba dozi zinatoka humu. Hili silisemi kwa kujaza ukurasa, huyu mwanafunzi baada ya miaka miwili atakuwa zamu ya usiku kwenye kituo cha afya peke yake.

Uchumi na sosholojia nadharia ni sawa, ila mifano yote ni dola na bima za Marekani, kwa hiyo lekchara aje na mifano yake ya hapa. Kilimo ni pagumu kidogo, vitabu vya chuo ni vichache, angalia machapisho ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa.

Hatua 3. Soma leseni kwa macho yako

Usiamini maneno ya saiti peke yake, fungua kitabu chenyewe, ukurasa wa pili au wa tatu, tafuta zile herufi. Vitabu kadhaa vya OpenStax ni BY tu, ila vingine, mfano Calculus, ni BY-NC-SA. LibreTexts imechanganya, sura hii leseni hii, sura ile leseni ile. Andika leseni kwenye daftari mbele ya jina la kitabu. Dakika tano tu, na siku mkuu wa maktaba akikuuliza una jibu lililoandikwa.

Kama ni ND kiache kizima, usikikate wala kukipunguza kurasa. Kama ni NC unaweza kuprinti kwa wenzako na wakachangia gharama ya karatasi, lakini usiongeze faida juu. Na jina na nembo ya OpenStax haviko ndani ya leseni, kwa hiyo ukitengeneza toleo lako lenye mabadiliko usilivalishe kava lao.

Hatua 4. Shusha mara moja, vizuri

Vitabu hivi ni vizito. Anatomy and Physiology inapita kurasa 1,300, ina picha kila mahali, ukishusha kwa bando la simu utalia. Kama chuo chako kimeunganishwa na RENU, ule mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti wa Uganda, kuna uwezekano mkubwa eduroam, ile waifai ya pamoja ya vyuo, ipo, unaingia kwa akaunti yako ya chuo, na uzuri wake akaunti ile ile inashika hata ukienda chuo kingine chenye eduroam. Nenda asubuhi sana au usiku watu wamepungua. Mchana darasa likiwa limejaa faili linaweza kukatika likiwa asilimia 90, halafu unaanza upya.

Likishuka lipe jina la kueleweka hapo hapo. Jina lenye namba na mistari mirefu hakuna atakayelikumbuka. Mimi naandika hivi: Anatomia_OpenStax_BY.pdf. Somo, lilikotoka, leseni.

Alafu kopi mara mbili, laptopu na flashi ya akiba. Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa, wenye mafaili mkononi waliendelea kusoma.

Hatua 5. Kata sura

Hii ndiyo hatua inayotenganisha kazi inayosomwa na kazi inayokaa kwenye flashi. Fungua PDFsam Basic, chagua Split by bookmarks, weka kitabu, chagua ngazi ya sura, bonyeza. Kitabu kizima kinakatika chenyewe kufuata alama za sura. Ukiona vimetoka vipande mia na kitu maana yake umechagua ngazi ya chini sana, imekata hadi vichwa vidogo, rudi upandishe ngazi.

Kisha pima uzito wa kila sura. Lengo langu ni MB 10 kushuka chini, ikiwezekana 5. Ikizidi, tumia Ghostscript, hii unaiandikia amri kwenye kidirisha cha amri ndani ya folda yenye sura. Kwenye Linux amri ni hii:

gs -sDEVICE=pdfwrite -dPDFSETTINGS=/ebook -o sura19_ndogo.pdf sura19.pdf

Kwenye Windows badala ya gs andika gswin64c, mengine yanabaki. Ukiona picha zimekuwa na ukungu, hasa michoro ya anatomia yenye maandishi madogo, usiilazimishe, bora sura iwe na MB 15 na mwanafunzi aone jina la mshipa kuliko iwe na 3 na haoni kitu.

Angalizo mawili. Moja, chini ya kurasa za OpenStax kuna mstari mdogo unaosema kitabu kinapatikana bure kwao, usiukate, ni sharti lao kila ukurasa uwe nao, na kwenye kuprinti pia. Pili, chukua ukurasa wa jina la kitabu na wa leseni, uunganishe mwanzoni mwa kila sura, PDFsam hiyo hiyo inaunganisha. Sura ikitembea peke yake mtaani iwe na kitambulisho chake.

Sasa chukua ile simu mbovu ufungue sura moja. Ikifunguka ndani ya sekunde chache na unaweza kuburuza hadi ukurasa wa mwisho bila kukwama, umemaliza. Isipofunguka hujamaliza, haijalishi kwenye laptopu inaonekanaje.

Hatua 6. Andika karatasi ya wiki

Rudi kwenye lile jedwali la daftari, jaza upande wa kulia. Karatasi moja tu, mbele ya kila wiki sura gani, kurasa gani asome, zipi aruke, na maswali gani ajaribu. Kwa mfano kwenye Anatomy and Physiology damu ni sura ya 18, moyo ni ya 19, mishipa ya damu ni ya 20, kwa hiyo wiki tatu za mfumo wa damu zinapangika zenyewe. Ila lekchara akifundisha moyo kabla ya damu, fuata lekchara, usifuate kitabu.

Mfano wa mstari mmoja: Wiki ya 7, moyo. Fungua faili sura19. Soma sehemu mbili za kwanza zote, sehemu ya ukuaji wa moyo tumboni mwa mama usisome sasa. Jibu maswali ya mwisho wa sura, njoo nayo Alhamisi.

Unaona ilivyo fupi? Mwanafunzi aliyepewa sura 28 anaogopa. Aliyepewa kurasa 20 na siku anasoma. Karatasi hii ifanye na lekchara mkiwa mmekaa pamoja, saa mbili zinatosha, na akisaini chini itakuwa ya kwake, ataitaja darasani bila wewe kumkumbusha.

Hatua 7. Gawa, tena kwa njia zaidi ya moja

Hamna njia moja inayofika kwa wote. Natumia nne.

Ya kwanza ni flashi na OTG. Polepole lakini haikosei. Simama mlangoni kipindi kikiisha, anayekuja unamchomekea, unakopi folda ya wiki mbili zijazo tu, anaondoka.

Ya pili simu kwa simu, kwa Quick Share au Xender, wanafunzi wenyewe ni mabingwa. Wape watu watano wa safu ya mbele, kufika jioni hosteli nzima inayo.

Ya tatu grupu la WhatsApp la darasa. Tuma sura moja kwa wiki, Jumapili jioni, ukiandika na kurasa za kusoma juu yake. Usimwage sura zote siku moja, zitazikwa na meseji za mpira na matangazo ya mikutano, na mtu wa bando la siku atashindwa kuzifungua.

Ya nne ndiyo naipenda zaidi kwa madarasa makubwa, laptopu kuwa seva, yaani mashine inayogawia simu mafaili, bila intaneti yoyote. Tafuta rauta ya kawaida ya waifai, hata ile isiyo na laini, iwashe, unganisha laptopu nayo. Weka sura zako kwenye folda moja, fungua kidirisha cha amri ndani ya folda hiyo, kama Python, programu ya bure ya kuandikia kodi, imo kwenye mashine andika:

python3 -m http.server 8000

Kwenye Windows mara nyingi ni python bila ile 3. Alafu tafuta anwani ya laptopu yako, kwenye Windows andika ipconfig, itakuwa kitu kama 192.168.1.5. Andika ubaoni kwa chaki: http://192.168.1.5:8000. Kila mwenye simu anajiunga na waifai yako, anaandika anwani, anaona orodha ya mafaili, anashusha bila shilingi hata moja ya bando. Mara ya kwanza nilipofanya hivi, kijana mmoja aliyetokea Kongo akaja kuniuliza kwa sauti ya chini kama atakatwa pesa baadaye. Nikamwambia hapana ndugu yangu, hii haitoki nje ya chumba hiki. Akaenda kuwaita wenzake wa chumba cha pili.

Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna Kiwix, programu ya bure toka 2007, inachukua saiti nzima ikaipakia kwenye faili moja la ZIM unalisoma bila mtandao. LibreTexts ipo humo kwa masomo, Wikipedia ipo. Kwenye laptopu ina sehemu ya kuwasha seva, na kwenye simu za Android pia unaweza kuigeuza simu yako iwe seva ya wenzako. Ila usianzie hapa. Hii ni maktaba, na nimeshasema sura kwanza.

Hatua 8. Printi chache, kwa akili

Wapo wasio na simu janja, na wapo ambao simu ipo lakini jioni hakuna umeme wa kuchaji. Hao usiwasahau. Piga hesabu: tuseme fotokopi ukurasa ni shilingi 100, kitabu cha kurasa 1,300 ni 130,000, nani atatoa? Lakini sura ya kurasa 40 ni 4,000, na ukiprinti pande mbili, kurasa mbili kwa upande, inakuwa karatasi kumi. Watu wanne wakichangia ni 1,000 kila mmoja. Printi nakala tatu za kila sura, moja ikae maktaba kwenye faili la pini, mbili zizunguke na koodineta aandike nani anayo.

Kampala utapata bei nzuri Nasser Road au Wandegeya ukipeleka kazi kubwa, mikoani zungumza na mwenye duka mapema, mwonyeshe ukurasa wa leseni aone kwamba ni kazi halali, maana wengine wanaogopa, na wana haki ya kuogopa.

Hatua 9. Fuatilia wiki ya tatu

Usisubiri mwisho wa semista. Wiki ya tatu ingia darasani, omba dakika tano, sema kila mtu afungue sura ya wiki hii kwenye simu yake sasa hivi. Usiulize nani anayo, watasema wote wanayo. Waambie wafungue. Utaona nani anahangaika, na wale ndio wateja wako wa kweli. Andika majina, kaa nao baada ya kipindi.

Lekchara naye aweke swali moja tu la kozi waki, zile kazi za semista zenye alama, kutoka kwenye sura. Swali moja linasukuma watu kusoma kuliko hotuba zako zote.

Ikikwama

*Flashi inaonyesha folda zote kama shotikati na hazifunguki.* Ni vairasi, huku kwetu ni ugonjwa wa kila siku kwenye kompyuta za kafe. Mafaili yako mara nyingi hayajafutika, yamefichwa. Ichomeke kwenye mashine yenye antivairasi iliyosasishwa au yenye Linux, usibonyeze zile shotikati, safisha, fomati, kisha jaza upya kutoka flashi ya akiba. Sasa unaelewa kwa nini nilisema flashi mbili.

*Faili kubwa linakataa kuingia kwenye flashi wakati nafasi ipo.* Flashi yako iko kwenye mfumo wa FAT32, ambao haubebi faili moja la zaidi ya GB 4. Mafaili ya ZIM yanapita hapo kirahisi. Fomati kwa exFAT, ila jua simu nyingine za zamani hazisomi exFAT, kwa hiyo flashi ya sura iache FAT32 na ya ZIM iwe exFAT.

*Simu imejiunga na waifai yako lakini ukurasa haufunguki.* Simu ikiona waifai haina intaneti inarudi kimya kimya kwenye data. Mwambie azime data kwanza, na simu ikiuliza kama abaki kwenye mtandao huu, akubali. Pia aandike http:// mwanzoni kabisa kwa mkono, vinginevyo brauza nyingi zinaongeza ile s ya https na zinagonga ukuta.

*Hata kwa wote haifunguki.* Windows imeziba. Ukiwasha seva mara ya kwanza hutokea dirisha linalouliza kama Python iruhusiwe kwenye mtandao, wengi wanabonyeza hapana kwa haraka. Nenda kwenye mipangilio ya fayawoli, ule ulinzi wa mtandao wa Windows, uiruhusu. Na hakikisha laptopu yenyewe iko kwenye rauta ile ile, nimewahi kupoteza nusu saa hapo.

*Wakifika watu wengi inakuwa nzito.* Rauta ndogo haziwezi darasa zima kwa pamoja, na hotspoti ya simu inabeba watu wachache tu. Ita kwa safu, safu moja ikimaliza ijitoe, nyingine iingie.

*Kiwix kwenye simu haioni faili ulilokopi.* Ile ya Play Store ina mipaka kwenye kusoma mafaili ya nje. Chukua APK, yaani faili la kusakinisha programu, kwenye saiti ya Kiwix yenyewe, igawe pamoja na faili.

*Herufi ni ndogo mno kwenye simu.* Laza simu, au tumia kisoma PDF chenye uwezo wa kupanga maandishi upya kwa upana wa kioo. Kwa jedwali na michoro hakuna ujanja, hapo karatasi inashinda.

*Lekchara anasema vitabu vya bure ni vya hali ya chini.* Usibishane. Mpe sura moja iliyoprintiwa ya somo lake mwenyewe, mwachie wiki nzima, mwambie aweke alama nyekundu palipo na kosa. Wengine wanarudi na makosa ya kweli na hayo yaandike kwenye karatasi ya wiki, wengi wanarudi wanauliza kuna sura nyingine.

*Kimetoka toleo jipya katikati ya semista.* Usibadilishe. Kurasa zitahama na karatasi yako ya wiki itawapoteza watu. Maliza semista na toleo ulilonalo, badilisha likizo.

Yule mama wa chuo cha unesi alianza na sura ya 19 peke yake. Ameprinti nakala tatu, moja ameikunja akaiweka ndani ya kile kitabu kilichochanwa, pale pale kurasa zilipotoka, na wiki hii ameniomba sura ya 20.